Koneksio ya Ku Nyumba ya Yaya

Nitaanza na kusema kweli, juu ninajua batu ya kwetu: bakisikia ndugu wawili baligombana, banatafuta kwanza nani alikuwa na haki. Basipoteze wakati. Mimi sikuwa na haki. Nilikuwa na wivu. Nilimuonea wivu yaya yangu, dada yangu mukubwa, ule tulinyonya naye ziwa moja, na ile wivu ilinikaa mu kifua miezi mingi, nikala nayo, nikafanya nayo kazi, nikaenda nayo ku kanisa.

Mimi ninakaa Beni. Niko na kanyumba kadogo ka kuandika na kuchapa, kando ya barabara. Batu banaletaka barua, banafunzi banaletaka mémoire yao ya kumaliza masomo, mimi ninapiga ku mashini na kutosha ku karatasi. Na kama ordinateur, kompyuta ya mutu, inakataa kushika wifi, anakuya kwangu. Quartier muzima, mutaa yote, inajua. Ninaikamata, ninaiangalia kidogo, ninabonyeza hapa na hapa, inashika. Batu banasema niko na mukono muzuri. Ninasema hii sababu nataka mujue vile ilinichoma, mimi fundi ya bengine, kushindwa na koneksio ya mutoto yangu mwenyewe.

Ule mutoto ni musichana, na ile wakati alikuwa na myaka nane. Masomo ya Beni ilikuwa inakatika-katika juu ya bita ya kando-kando. Leo banafunzi baende, kesho babakie ku nyumba. Bwana yangu akasema, "Tumupeleke Butembo kwa yaya yako, asome pale hata huu mwaka moja." Nilikubali na kinywa. Roho ilikataa, lakini nani angeuliza roho?

Yaya yangu ni muke ya commerçant. Shemeji anafuataka bitu bya kuuzisha ku Dubai, anarudia, anaenda tena. Nyumba yao iko upande ya Rughenda, ya matofali ya kuchoma, na mu salon kila kiti iko na kitambaa ya crochet, hata television iko na yake. Friji iko. Wifi iko, juu shemeji anaongeaka na batu yake ya mbali. Batoto yao, yote ya kiume, ilishakomaa na kutoka mu nyumba. Musichana, Mungu hakumupatiaka. Siku nilifikisha wangu, yaya alimukamata mukono ku mulango na kumwambia, "Karibu kwako."

Kwako! Nilisimama pale na valizi ya nguo ku mukono, nikameza ile neno kama dawa ya malaria.

Bon. Nilimuachia mutoto ordinateur yangu ya zamani, juu yaya hapendi telefone ya kisasa, ana ile kadogo ka mabutoni, na shemeji anatembeaka na yake. Tulipatana hivi: kila mercredi, ni kusema Jumatano, saa tisa, mutoto akisha kula, anakaa mu salon, ananiita na picha. Mercredi ikawa siku yangu. Saa nane na nusu ninafunga mulango ya kazi, hata kama kuko batu ku musululu. Ninajipaka mafuta ku uso, ninavaa kitambaa muzuri ku kichwa. Bwana yangu alikuwa ananicheka, "Unaenda ku ndoa?" Nilimwambia anyamaze.

Mwezi ya kwanza koneksio ilishika muzuri. Mutoto alinionyesha kaye zake za kuandikia, aliniimbia wimbo ya masomo, tuliongea hata saa nzima. Mwezi ya pili ikaanza kukatika.

Ilikuwa inaanza hivi. Nilikuwa namuuliza, "Leo ulikula nini?" Anajibu, "Birayi na maharagi." Birayi, ile biazi ya Lubero ya kupasuka yenyewe mu sufuria, naijua. "Ilikuwa muzuri?" "Ndiyo, mama." "Muzuri kupita ya mama?" Anachezea bidole. "Na nywele, nani alikusuka?" "Mama mukubwa," njo yaya. "Anakusuka bila kukuumiza? Mimi njo nilikuwa nakuumiza?" Na pale mutoto anageuza kichwa, anasema, "Mama, ngoja kidogo, mama mukubwa ananiita." Anaondoka. Nasikia miguu yake inaenda mbali. Kisha nasikia kishindo ya chuma, bwaa, kama mulango ya mutu mwenye hasira. Na picha inaganda. Ninabakia kuangalia kiti moja bila mutu, na kitambaa yake ya crochet.

Mara ya kwanza nilisema ni réseau, mutandao. Mara ya pili nilisema ni courant, umeme. Mara ya tatu nilisema, ah non, hapa kuko mutu.

Lakini mimi ni fundi, na fundi anaanza na mashini. Nikapiga ile katelefone ka yaya. "Mupatie mutoto," nikamwambia, bila hata jambo. Nikamuongoza mutoto na sauti tu, mutu wa myaka nane, na alinielewa kupita bakubwa benye banakuyaka kwangu. Wifi inawaka? Inawaka. Jina ya réseau unaiona? Ndiyo. Iko na mistari ngapi? Moja. Zima wifi, hesabu mpaka kumi, washa tena. Alizima, alihesabu, akawasha. Mustari moja. Basi sahau ile réseau kabisa, ifute, kisha uichague mupya na uandike mot de passe, ile neno ya siri, polepole. Aliandika. Ikashika, kisha ikaachia. Angalia saa na tarehe, juu ile mashini ni muzee, betri ikiisha kabisa inarudia nyuma myaka mingi, na internet inakataa kuzungumuza na mutu mwenye anaishi mu myaka ya zamani. Tarehe ilikuwa sawa.

Ikabakia modemu. "Mupatie mama mukubwa."

"Yaya, modemu iko fasi gani?"

"Iko fasi yake."

"Wapi, fasi gani, yaya?"

"Ile fasi inakaaka, mudogo yangu. Taa yake inawaka muzuri. Tuombe tu Mungu, itashika."

Tuombe Mungu! Yaya ni mama ya kwaya, kila kitu kwake ni maombi, hata modemu. Nilikata telefone. Mustari moja maana yake modemu iko mbali, ama kuko kitu inaiziba. Mu nyumba ile ile, yenye mwezi yenye ilipita ilikuwa inaleta mistari yote? Kuko mutu aliitosha, aliihamisha fasi yake. Na mule mu nyumba, mushana, kuko batu bawili tu. Mutoto, na yeye.

Nikakamata kaye. Ndiyo, niliandika, kama polisi. Mercredi ya kwanza: ilikatika wakati niliuliza chakula. Ya pili: wakati niliuliza nywele. Ya tatu: wakati niliuliza nani anamuogesha. Kila mara nikitaja yaya, anamuita mutoto, chuma inalia, koneksio inakufa. Nilionyesha bwana yangu ile kaye. "Unaona? Anasikilizaka nyuma ya mulango. Nikianza kumutaja tu, anakata."

Bwana yangu alisoma, akakuna kichwa. "Na siku haumutaji, inakatika?"

Nilifunga kaye. Hakukuwa siku yenye sikumutaja. Mashini ya kiliya, ya mutu mwenye analipa, ningeijaribu huku na huku mpaka nijue ugonjwa yake. Ya mutoto yangu, sikuijaribu upande ingine hata mara moja.

Kisha tiriko ikafika. Mercredi ile mutoto alionekana ku écran na tiriko mupya, sweta nyekundu, ya kufuma na mukono, na mifuko mbili. Butembo kunakuwaka baridi, mutoto anahitaji tiriko, mama mwenye akili angefurahi. Nilimuuliza, "Nani alikununulia?" Akasema, "Hapana kununua. Mama alinifumia." Mama. Bila mukubwa, bila kitu. Kwetu dada ya mama naye ni mama, najua, hata mimi niliitaka hivyo badada ya mama yangu. Lakini ile siku sikutaka kujua desturi. Masikio ilinipiga kelele. Nikamuuliza, "Mama gani?" Na mbele ya kujibu, akaamuka ku kiti, "Ananiita," chuma ikalia, kiti ikabakia peke yake.

Nililia. Kisha nikasema, mercredi ingine nitakuwa pale, kwa macho yangu.

Nilipanda gari ya asubui. Kufika Butembo nilikuwa natetemeka, nusu baridi, nusu hasira. Yaya alinifungulia mulango na kitambaa ya jiko ku bega, akanikumbatia, akasema, "Mudogo yangu! Umekonda!" Hata ile nilihesabu kama tusi. Mutoto alikuwa bado ku masomo. Saa saba alirudia, akaniona, akaruka mu mikono yangu, na mimi juu ya kichwa yake niliangalia yaya ili nione kama inamuuma. Ni vile nilikuwa. Mutoto yangu alikuwa mu mikono yangu, macho yangu ilikuwa inatafuta mwingine.

Chakula ilikuwa ku meza. Sikukaa. "Nimekuya kutengeneza koneksio," nikasema.

Yaya akaangalia mutoto. Mutoto akaangalia miguu yake. Niliona kabisa vile, batu bawili benye siri, na mimi inje.

Nikawasha ordinateur mu salon. Mustari moja. Nikaibeba ku mikono wazi, mutoto nyuma yangu, yaya nyuma ya mutoto. Mu kolidoo, mustari moja. Mu jikoni, hakuna. Ku mulango ya chumba ya yaya, mistari mbili. Sasa, kwetu hauingiaka mu chumba ya shemeji yako. Hata nyumba ikiungua, unasimama ku mulango unaita. Mimi niliingia.

Niliona waya ya modemu inatoka ku ukuta, inapita chini ya kitanda, inaenda kuingia mu tumbo ya sanduku ya chuma. Ile sanduku kubwa ya bluu, yenye kila mama ya kwetu anayo, ya kufichamo bitenge, makaratasi ya shamba, pete, kila kitu ya bei. Nyuma kulikuwa kashimo, katobolewa safi na soudeur, fundi ya chuma. Kifuniko yake ilikuwa imefungwa.

"Yaya, modemu iko humu?"

"Bezi baliingia kwa jirani," akasema. "Balipitia dirisha, babeba television na modemu yake. Nikaita soudeur akatoboa, nikaweka yetu pamoja na bitu byangu. Taa si inawaka?"

Nikafungua ile kifuniko. Mungu yangu! Modemu ilikuwa imelala juu ya bitenge, inawaka kijani, imefunikwa vizuri na kitambaa ya crochet. Ile bitenge yote ilikuwa na koneksio ya kupita ya batu mingi ya Beni. Nikaangalia ordinateur: mistari yote ilijaa. Nikafunga kifuniko, bwaa: ikabakia mbili, kisha moja. Nikafungua: ikajaa. Na ile bwaa niliitambua. Ilikuwa ile kishindo ya kila mercredi.

Nilijisikia muzuri, siwezi kuwadanganya. Nilijisikia muzuri sana. Nikageukia yaya, mimi mudogo yake, nikamusomesha kama mutoto ya gardienne, ya chekechea. Kwamba wifi haipitiaka mu chuma. Kwamba hata mutu bila masomo angejua. Kisha nikaacha mambo ya chuma. "Ulikuwa unafungua tuanze, kisha unakuya kufunga. Ulikuwa unanisikiliza! Wewe Mungu alikupatia nyumba, alikupatia bwana wa makuta na mali, alikupatia batoto bane, na mimi niko na hii moja tu, na hii nayo unaitaka! Unamufunga ndani ya sanduku na bitenge byako!"

Nilikuwa nangoja ajibu. Yaya yangu anajuaka kujibu. Wakati tulikuwa batoto, hakuombaka samahani hata siku alinisukuma mu mutaro. Lakini alitosha kitambaa ku bega, akapanguza mikono yenye ilikuwa mikavu, akasema polepole, "Ndiyo. Ni mimi. Unisamehe, mudogo yangu."

Haraka hivi? Ilinishtua, lakini nilikamata. Mutu mwenye njaa haulizi nani alipika. Nilikuwa nafungua kinywa niongeze ingine, na mutoto akasema, "Hapana."

Alikuwa amesimama ku mulango, juu yeye alichunga desturi, hakuingia mu chumba ya batu bakubwa bila kuitwa.

"Hapana, mama. Ni mimi njo ninafungaka."

"Nyamaza," yaya akamwambia, lakini bila nguvu.

"Mama mukubwa anafunguaka sanduku mbele ya saa tisa, kisha anaenda mu jikoni na kufunga mulango, juu hataki kusikiliza maneno yetu. Haniitaka hata siku moja. Ni mimi ninasemaka ananiita."

Nilimuuliza sababu gani.

"Juu unaniulizaka paka mambo ya mama mukubwa tu," akasema. "Nikisema chakula ilikuwa muzuri, uso yako inageuka. Nikisema ilikuwa mubaya, ni bongo, ninadanganya. Sijuaka nijibu nini. Basi ninaenda kufunga."

Alikuwa anasema kama mutoto mwenye anaeleza calcul, hesabu yenye ilimushinda. Hakulia. Mimi njo nilikaa ku kitanda ya shemeji, haya yangu yote ilikuwa imesha kwisha. Yaya akatuma mutoto akachote maji. Tulibakia sisi wawili na ile sanduku wazi.

"Ulijua?"

"Mwezi ulipita nilimukuta anafunga. Nikasema atakuambia yeye mwenyewe, ama wewe utaacha."

"Na leo ulikubali ni wewe?"

"Ningesema nini? Wewe ni mama yake. Ukasirikie mimi, nimekomaa. Ukimukasirikia yeye, atakimbilia wapi?"

Munajua nilifikiri nini? Hapana kwamba alikuwa na moyo muzuri. Nilifikiri: hata hii, hata hii alinipita. Hata kumuchunga mutoto, hasira yangu isimufikie, yeye njo alijua kufanya, mimi sikujua. Nilimuonea wivu ile wema yake mule mule mu chumba yake, machozi ku macho, na alinipatia kitambaa ya jiko nijipanguze.

Mangaribi tulitosha modemu mu sanduku. Niliiweka mu salon, juu ya kabati, mbali na dirisha, na yaya akaifunika tena na crochet. Ile haina mubaya, wifi inapita. Tulikula birayi. Ilikuwa muzuri, nikasema ni muzuri, mutoto akaniangalia haraka halafu akaendelea kula. Kesho yake nilirudia Beni.

Mercredi yenye ilifuata nilifunga kazi saa nane na nusu, nikajipaka mafuta, nikavaa kitambaa ku kichwa. Saa tisa sawa-sawa akaita. Ayi mama, picha gani ile! Sijamuonaka hivi tangu aende. Niliona kakovu ka ku kidevu, niliona jino mupya inaota, niliona wino ku kidole. Alikuwa amekaa wima, mikono ku magoti, kama banafunzi mbele ya inspecteur.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto yangu."

Nikafungua kinywa. Nimuulize alikula nini? Nani alipika, tunajua. Nimuulize tiriko inamupatia joto? Nani alifuma. Devoir ya masomo, nani alimusaidia. Usingizi, nani alimufunika. Niligeuza kila ulizo yenye nilikuwa nayo, moja kwa moja, na kila moja ilikuwa ya yaya. Yake yeye, ya mutoto yangu, nilitafuta hata moja.

Alikuwa anangoja. Hakuangalia upande ya kolidoo, hakuna mutu alimuita. Mistari yote ilikuwa imejaa. Tuliangaliana hivyo, karibu kabisa, na sikupata kitu ya kumuuliza.